Mchoraji na mtafiti wa mazuku: aitwe mwishoni au waende pamoja?

Hapa Goma naona njia mbili za kutengeneza bango la kuwaonya watu juu ya mazuku, yaani gesi hatari inayotoka ardhini. Ya kwanza, mtafiti anamaliza kupima, kisha anampa mchoraji karatasi atengeneze bango. Ni haraka, na volkano ya Nyiragongo ikilipuka kama Mei 2021, haraka hiyo inahitajika sana. Lakini bango la namna hiyo huishia kwenye moshi mweusi na fuvu. Mazuku hayana moshi wala rangi! Ni kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa karibu mara 1.5, inayotuama mabondeni usiku upepo ukitulia.

Ya pili, waende wote tangu siku ya kwanza, mmoja na kipimo, mwingine na penseli. Hapo mchoraji anaona shimo lenyewe kati ya mawe ya lava, ndege aliyekufa chini, na mama akipita ameshika mkono wa mtoto ambaye pua yake iko karibu zaidi na ardhi. Anauliza: gesi inafika kimo gani? Basi mtafiti anapima magotini, kiunoni, kifuani. Gharama inapanda, kweli. Mimi nachagua hii, hasa kwa mabango ya shule za upande wa mji wa Sake.