Nyumba mpya Mwanza: fundi wa muuzaji au mhandisi wako?

Umepata nyumba mpya Buswelu au Nyegezi, na muuzaji anasema fundi wake atakutembeza bure. Shida si kwamba fundi ni mwongo; analipwa na anayetaka kuuza. Atakuonyesha vigae, jipsamu na rangi, mambo ambayo macho yako yanatosha.

Mhandisi aliyesajiliwa unamlipa wewe, nyumba iwe nzima au mbovu. Yeye anaanzia chini. Kwenye vilima vyetu vya mawe, upande mmoja wa msingi unaweza kukalia mwamba na mwingine kifusi. Kifusi kikititia, ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia kona za madirisha. Plasta mpya huuficha ufa huo vizuri mno. Atauliza pia shimo la choo lilichimbwaje penye mwamba, na maji ya mlimani yanapita wapi mvua za Machi hadi Mei zikishuka.

Nondo zilizokwisha kufunikwa na zege hata yeye hazioni, ndiyo maana atadai michoro na picha za ujenzi.

Uwanja ukiwa tambarare na mfuko ukibana, fundi wako unayemwamini anaweza kutosha. Kwenye mteremko, mimi sitoi hata arubuni kabla ya mhandisi.