Mafunzo ya kuandaa mpango wa zahanati, Area C Dodoma: yanafaa

Nasimamia zahanati wilayani Bahi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mpango mbovu unamuumiza mgonjwa wa kijijini kwetu.

Mkufunzi, mama mmoja mstaafu wa halmashauri, hakuanza na dira wala dhamira. Alitufungulisha leja ya dawa na vitabu vya MTUHA (kumbukumbu za huduma za kituo), tuone mwezi gani dawa ya malaria iliisha na wajawazito wangapi walichelewa kuanza kliniki. Hapo ndipo tukaandika vipaumbele, kila kimoja na gharama yake na jina la mwajibikaji. Nilichokipenda zaidi: alisisitiza kamati ya usimamizi ya kituo ikae kabla bajeti haijaandikwa. Wanakijiji ndio wanaojua kwa nini mama wa kitongoji cha mbali hafiki mvua za Januari zikikata barabara.

Sehemu ya PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kuingizia mipango na bajeti, ilikimbizwa mno, kompyuta zilikuwa chache. Chai nzuri, ukumbi joto. Waganga wafawidhi (wasimamizi wa vituo) wapya, nendeni, ila bebeni takwimu za kituo chenu.