Chakula cha kubeba ukienda kuwinda siku mbili: matobolwa namba moja, maharage yabaki nyumbani

Watu wakijiandaa kwenda porini wanaulizia uzito tu, mi kabla ya uzito naangalia vitu viwili, hiki chakula kinakula maji kiasi gani na kinataka moto muda gani. Huku Tabora kwenye miombo kiangazi kikishika vijito vinakauka kabisa, na lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni, mtu anayetembea juani kutwa nzima anataka lita tatu nne za kunywa peke yake, hapo bado risasi, turubai na hao kanga utakaorudi nao kama Mungu akijalia. Sasa ukibeba chakula cha kupikwa na lita mbili za maji usiniambie ni chepesi eti kwa sababu mzani wa dukani umesoma robo kilo.

Nazungumzia safari ya siku mbili kufuata kanga na kwale, leseni na vibali vyote mnavyo, gari limeachwa kijijini mnatembea kwa mguu. Hapo mi napiga hesabu ya gramu 600 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku.

Namba moja ni matobolwa na karanga, na sioni cha kushindana navyo. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakakamaa, usichanganye na michembe, ile inaanikwa mbichi kwa hiyo lazima uipike. Matobolwa unatia mfukoni unatafuna huku unatembea, hamna sufuria, hamna moshi, na jioni ukitaka laini unaloweka kidogo kwenye chai. Wazee wa Kisukuma na Kinyamwezi walishalimaliza hili suala la chakula cha safari zamani sana, sisi ndo tunazunguka supamaketi kutafuta biskuti. Ukienda sokoni chukua kipande ukivunje, kikikatika kwa mlio ni kikavu, kikipinda kina unyevu na kitaota ukungu ndani ya begi. Angalia pia chini ya gunia, ukikuta vumbi jingi la unga na vitundu vidogo kwenye vipande ujue wadudu washaingia, hamia kwa muuzaji mwingine.

Karanga gramu 100 zina kalori kama 570, wakati unga wa mahindi uzito huohuo una kama 360, kwa hiyo ukitaka nguvu nyingi kwenye begi dogo ni karanga. Lakini jamani hapa msichukulie poa. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijivu au harufu ya ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kukaangia hauimalizi hiyo sumu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na karanga nazo zinashikwa na ukungu huohuo. Mi nanunua mbichi, nachambua moja moja kwenye ungo, nakaanga mwenyewe na chumvi kidogo maana jasho linatoa chumvi nyingi.

Namba mbili tende na kashata. Tende ni nzito ukilinganisha na karanga na kalori zake ni kama nusu, ila sukari yake inafanya kazi haraka, saa nane mchana miguu imeisha unakula tano unanyanyuka. Chukua zile kavu, zile laini zinazotoa maji zinakupa uzito na kukuitia nyuki bure. Kashata nunua ya karanga, ya nazi inachacha mapema kwenye joto. Chokoleti usihangaike nayo, mpaka mchana ni uji.

Namba tatu ni unga. Ulezi kwa uji wa alfajiri, sembe au dona kwa ugali wa usiku mmoja, gramu 150 mpaka 200 kwa mtu zinashibisha. Sufuria moja, moto mdogo, robo saa mmemaliza na mnauzima vizuri kwa udongo maana nyasi za kiangazi hazina msamaha.

Dagaa nawaweka namba nne kwa sababu ya harufu tu, kwa wepesi na kwa ugali hawana mpinzani. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, wa kuanikwa chini mchanga utausikia kwenye meno. Wakaange nyumbani wakauke kabisa, wafunge kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na usiku kopo likae mbali na mlipolala, fisi hahitaji mwaliko.

Tambi za dakika mbili ni namba tano, pakiti ina gramu 70 hivi, zinaokoa ukiwa umechoka sana lakini chumvi yake inakutia kiu na saa mbili baadaye tumbo linauliza tena.

Vya kuacha sasa. Maharage makavu, tulibeba kilo moja safari moja tukiwa wanne, tukayachemsha mpaka usiku wa manane hayajaiva na maji ya kunywa ya kesho yake yakaishia kwenye sufuria, asubuhi ikabidi tugeuze kurudi kijijini hatujafyatua hata risasi moja, iliniuma sana ile. Makopo, zaidi ya nusu unabeba maji na bati. Mkate unasagika. Na nyama kavu, hata kama ni ya ng'ombe wako mwenyewe, iache, ukikutana na askari wa wanyamapori utaanzaje kumthibitishia hiyo si ya pofu wala ya nyati, utapoteza siku nzima kujieleza.

Mi kwa siku mbili nafunga hivi: matobolwa gramu 400, karanga 300, unga 200, tende 150, kashata 100, dagaa 50, majani ya chai na tangawizi kwenye kikaratasi. Kila mlo kwenye mfuko wake, vya kutafuna juu kabisa ya begi, unga na dagaa chini, maana hivyo havifunguliwi mpaka giza limeingia.