Chombo cha IRS cha kuuliza "nani mtegemezi wangu": kizuri, ila swali la ndoa linataka utulivu

Huku kwetu PAYE hukatwa kwa kima cha mshahara, basi. Hakuna anayeuliza unalisha watu wangapi. Ndiyo maana Mzanzibari aliyehamia Columbus au Minneapolis hubabaika anapofika pale kwenye ritani ya Marekani, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka, panapotaka majina ya wategemezi, watu anaowalisha ambao humpunguzia kodi, hasa kama anakaa na mwanamke ambaye hajamuoa, na mwanamke huyo ana watoto wake. Idara ya kodi ya Marekani, IRS, imeweka mtandaoni chombo cha bure cha kujibu suala hilo, kiitwacho Interactive Tax Assistant. Kinauliza, unajibu, mwisho kinakwambia ndiyo au hapana.

Hakitaki jina wala nambari yako, kwa hiyo hata aliyeko Wete anaweza kukijaza kwa niaba ya ndugu aliye huko. Ila ukikaa dakika 15 bila kubonyeza kitu, kinakurudisha mwanzo. Usikifungue kwanza ndipo uanze kupiga simu kuulizia mapato ya mtu. Kaa nayo kabisa: tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja, hadhi yake ya ukaazi, siku alizolala nyumbani humo, mapato yake ya mwaka, na hesabu ya nani alilipa nini. Halafu, kimetengenezwa kwa aliyekuwa raia au mkaazi wa Marekani kwa mwaka mzima. Aliyepata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mwezi wa Juni asikitegemee kwa mwaka huo.

Swali linalowaangusha watu wetu ni jepesi kulisoma: umeoa? Wengi hujibu hapana kwa sababu hawana cheti cha Marekani. Lakini IRS huitambua ndoa iliyofungwa kihalali mahali ilipofungwa. Nikaha iliyosomwa Chake Chake mbele ya walii na mashahidi, ikaandikishwa, ni ndoa, hata kama ilikuwa ya mkeka. Na hali inayotazamwa ni ya tarehe 31 Disemba: ukioa tarehe 30, umehesabiwa mwenye mke kwa mwaka wote. Mke hawi mtegemezi hata siku moja. Yeye ni mke, na mnajaza ritani pamoja au kila mtu na yake. Ukikosea jibu hili, chombo kitakupa majibu safi kabisa ya maisha ya mtu mwingine.

Uraia nao unakata shauri mapema. Mtegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani kwa macho ya kodi, au mkaazi wa Kanada au Meksiko. Mchumba aliyeko Mkoani asiye na uraia hahesabiwi, hata ukimtumia pesa kila mwezi na risiti zote unazo. Ni hivyo hivyo kwa Mmarekani anayeishi Paje na mwenzake Mzanzibari: kumlisha na kumvisha hakumfanyi mtegemezi.

Sasa tuchukue wale ambao kweli hawajaoana na wote ni wakaazi halali. Mwenza anaingia kwa mlango ambao IRS inauita wa "jamaa anayestahiki", hata kama si ndugu wa damu, na mlango huo una masharti magumu. Awe amekaa nyumbani kwako mwaka mzima, Januari mosi hadi Disemba 31. Aliyehamia Februari amekwisha. Kuja Unguja kufunga Ramadhani na kula sikukuu hakuharibu kitu maadamu anarudi, kwa kuwa hiyo ni safari ya muda. Uhusiano wenu usivunje sheria ya mahali mnapoishi. Mapato yake yawe chini ya dola 5,200 kwa mwaka wa kodi 2025 (kwa 2024 ilikuwa 5,050). Na wewe uwe umebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake.

Hiyo nusu ndipo chombo kinapopwaya. Kinataka ndiyo au siyo, na mtu hubonyeza ndiyo kwa moyo. Hesabu yenyewe iko kwenye jedwali la matumizi ndani ya kijitabu cha IRS, Publication 501, nalo ndilo la kujaza kwanza. Tazama mfano huu. Nyumba ina watu wanne: mwanamme, mwanamke, na watoto wawili wa mwanamke. Pango la nyumba ni dola 16,800 kwa mwaka, gawa kwa nne, 4,200 kila mmoja. Chakula 9,600, fungu la mwanamke 2,400. Nguo na dawa zake 900. Matumizi ya mwanamke yote ni 7,500, nusu yake 3,750. Alifanya kazi ndogo akapata 3,900, chini ya kikomo, kwa hiyo sharti la mapato kalipita. Lakini kama hizo 3,900 zote zimekwenda kwenye mahitaji yake mwenyewe, amejilisha zaidi ya nusu, na mwanamme hawezi kumdai kuwa mtegemezi wake. Angeweka 500 benki zikabaki huko, matumizi yake kutoka mfukoni mwake yangekuwa 3,400 na mwanamme 4,100: kapita. Pesa isiyotumika haihesabiwi kuwa ni matumizi.

Watoto wake si watoto wako wa kambo, maana ukambo huja kwa ndoa. Nao wanaingia kwa mlango ule ule wa jamaa, ikiwa tu si "watoto wanaostahiki", yaani wanaohesabiwa kwanza kwa mtu kama mzazi wao, wa mtu mwingine mlipakodi. Mama yao akiwa halazimiki kujaza ritani, na hajajaza, au amejaza ili kurudishiwa tu kodi aliyokatwa kazini, njia iko wazi. Akijaza ili adai unafuu wa wenye kipato kidogo, yaani EITC, watoto wamekwenda kwake.

Chombo hakikwambii kama inakulipa. Kila mtegemezi wa aina hii huleta unafuu wa dola 500 usiogeuka fedha mkononi: unapunguza kodi unayodaiwa, ukifika sifuri basi. Haukupi unafuu mkubwa wa mtoto wala hadhi ya mkuu wa kaya, ile ya kodi nafuu kwa asiye na ndoa anayebeba nyumba. Katika mfano wetu, mwanamke akiwa ameweka zile 500 benki, watatu ni 1,500. Lakini mama mwenye kipato cha 3,900 na watoto wawili, wote wakiwa na nambari za Social Security, yaani hifadhi ya jamii, zinazoruhusu kazi, EITC yake inakaribia 1,560, na hiyo hulipwa taslimu. Mwanamme akimwacha adai watoto kwa EITC, yeye akabaki na 500 za mwanamke, nyumba inapata zaidi ya 2,000. Na wakioana kabla ya mwaka kwisha, watoto wanakuwa wa kambo, na kila mmoja aliye chini ya miaka 17 anaweza kuvuta hadi 2,200 kwa 2025. Hesabu kama hizi ufanye mwenyewe kwa kalamu.

Kwa suala la "inafaa au haifai" tunakipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeanguka kwenye jedwali la matumizi, ambalo lingekuwa ndani yake. Ukimaliza, piga picha ya ukurasa wa jibu, maana ukifunga kimefuta kila kitu. Picha hiyo mpelekee mtayarishaji wa ritani kabla hujamlipa, na umuulize sababu akikupa jibu jengine. Anayelipwa kwa kazi hiyo analazimika kutia saini na kuandika nambari yake ya PTIN, ile ambayo IRS huwapa watayarishaji. Anayekwambia kwa WhatsApp "wewe saini peke yako, mimi sionekani" usimpe hata tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.