Kingamwili ya TLR4 yenye rangi ya PE tuliyoagiza hapa Lubumbashi: bidhaa yenyewe ni nzuri, usafirishaji wao hapana

Jambo wandugu wa labo. Naandika hii juu wiki nzima nilitafuta mtu wa kwetu ameandika kuhusu kingamwili hizi zenye rangi (zinashika protini moja ya seli na kung'aa ndani ya saitometa, mashine ya kupima seli kwa leza), sikupata, na kichupa kimoja ni mamia ya dola, si pesa ya kujaribia.

Tuliagiza ya kushika TLR4 ya binadamu, kloni (aina) HTA125, imefungwa na PE, rangi yenye inang'aa kwa leza, testi 100. TLR4 njo kipokezi ya kinga ya asili yenye inatambua LPS (mafuta yenye sukari) ya ukuta wa bakteria kama ile ya tifoide, Bruce Beutler alipata sehemu ya Nobel ya 2011 juu ya kazi hiyo, na kwetu tifoide tunaiona kila siku kwa hiyo mimi kuiona TLR4 kwa macho yangu mu damu ya watu wa hapa ilinigusa sana.

Sasa matokeo. Usitegemee mlima mkubwa ku grafu ya mashine kama wa CD4 (alama ya seli T)! TLR4 iko kidogo sana juu ya monositi (aina ya seli nyeupe za damu), mlima unasogea tu kidogo kuume, ukiwa umenunua yenye FITC (rangi ya kijani) utasema kichupa kimeharibika. PE inang'aa zaidi, chukua hiyo. Halafu monositi ziko na vipokezi vya Fc (mkia wa kingamwili), zinashika kingamwili yoyote inayopita, kwa hiyo ziba Fc kwanza na uweke kontroli ya izotipi (kingamwili ya aina ileile lakini haishiki TLR4), kwa kloni hii ni IgG2a ya panya, bila hiyo huwezi jua unaona TLR4 ao unaona uchafu. Na kosa lenye lilitula siku mbili: tulitambulisha monositi na CD14 (protini yenye iko nyingi juu yao) yenye FITC, mwanga wake mkali ukamwagikia ku chaneli ya PE, tukafurahi bure, hiyo haikuwa TLR4. Tulipobadilisha CD14 tukaweka yenye APC, rangi yenye inawashwa na leza nyekundu, mlima wa kweli ukabaki, mdogo lakini safi, mara tatu mfululizo ukarudi palepale.

Damu pia itumie mapema, na kama umeiwekea LPS ujue TLR4 inaingia ndani ya seli, ku ngozi yake itapungua. Mwanafunzi mmoja wetu alitaka kurudisha kingamwili ya TLR9 (kipokezi ndugu ya TLR4) eti haifanyi kazi, kumbe TLR9 inakaa ndani ya endosomu (vifuko vya ndani ya seli), lazima ufikse seli kwa dawa na kuzitoboa kwanza, alipofanya hivyo ikaonekana.

Kenye kiliniudhi ni muuzaji. Boksi lilifika uwanja wa ndege wa Luano siku ya nne, barafu yote imekuwa maji, hakuna hata kipimajoto ndani, na nilipowaandikia walijibu tu kwamba "inavumilia". Ilivumilia kweli, lakini mwezi wa kumi na joto letu ile singethubutu. PE ikigandishwa inakufa, ikikaa ku mwanga inakufa, inataka digri 2 mpaka 8 na giza, sisi tunaifunga na karatasi ya aluminiamu ndani ya frigo yenye iko na betri juu umeme ukikatika usiku hakuna wa kuamka.

Kingamwili naipa 4 ku 5, muuzaji 2. Kama kuna mtu Goma ao Bukavu ametumia kingamwili ya TLR2 (kipokezi ndugu ingine) yenye rangi ingine mbali na PE aniambie ni gani, nataka kuziweka zote mbili mu mrija moja na CD14.