Saratani Mbili, Usingizi Mmoja: Tathmini ya Upasuaji wa Roboti Tulioufuata India

Kwa mgonjwa mwenye saratani ya figo na ya tezi dume kwa wakati mmoja, kama alivyokuwa baba yangu mdogo, faida kubwa ya upasuaji wa roboti ni kwamba uvimbe wote wawili unaweza kuondolewa katika usingizi mmoja wa dawa. Udogo wa vidonda, unaosifiwa sana katika vipeperushi, nauweka nafasi ya pili. Tuliondoka Kampala kuifuata huduma hiyo India baada ya picha ya CT, iliyopigwa kwa ajili ya tezi dume, kuonyesha uvimbe katika figo ya kushoto.

Roboti haifanyi lolote yenyewe. Daktari huketi kwenye meza ya kuiongozea, hatua chache kutoka kitandani, akitazama ndani ya tumbo kwa picha yenye kina, na mikono minne ya mashine ya da Vinci hufuata vidole vyake. Ugumu wa saratani mbili unaanzia kwenye mlalo: figo hupasuliwa mgonjwa akiwa amelala ubavu, ilhali tezi dume hutaka alale chali, kichwa kikiwa chini kuliko miguu, hivyo katikati ya kazi mashine huondolewa, mgonjwa akageuzwa, kisha ikaunganishwa upya, huku baadhi ya matundu ya awali yakitumika tena. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo nao hubanwa kwa dakika chache zinazohesabiwa, ndiyo maana uzoefu wa daktari ni wa kuulizwa kabla ya toleo la mashine.

Upasuaji wenyewe sina la kuulaumu. Makadirio ya gharama, hata hivyo, yalihesabu nusukaputi mara mbili, mpaka tulipolalamika. Wala hakuna aliyemwandaa mzee kwa mpira wa mkojo, ambao hukaa takriban wiki moja au zaidi, na kwa mkojo kuvuja baadaye, fedheha iliyomuumiza kuliko kidonda. Barua ya kuruhusiwa iliandikwa kwa ukamilifu, na daktari wetu wa Kampala anafuatilia PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na kreatinini (kipimo cha damu cha utendaji wa figo) kwa kuitegemea.

Mwenye saratani ya tezi dume peke yake nisingemhimiza kupanda ndege kwa ajili ya roboti. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha upasuaji huo na ule wa wazi, wa kidonda kikubwa kimoja, na baada ya miezi 24 udhibiti wa mkojo na nguvu za kiume vilikuwa karibu sawa.