Kozi ya jioni ya kuundwa kwa serikali ya kikatiba ya Marekani, Mji Mkongwe

Kozi hii, inayotolewa na kituo kimoja cha masomo hapa Mji Mkongwe, huanza baada ya sala ya Magharibi, husita kwa Isha, kisha huendelea hadi maswali yaishe. Ubora wake wa kwanza ni kuwa haianzi kwa kuwasifu waasisi, bali kwa kueleza serikali iliyoshindwa. Chini ya Mkataba wa Shirikisho, katiba ya kwanza ya majimbo hayo, ulioanza kutumika mwaka 1781, Kongresi, yaani bunge lao, haikuweza kutoza kodi. Iliyaomba majimbo michango ambayo mara nyingi haikufika, na mkataba wenyewe haukurekebishika bila ridhaa ya majimbo yote 13. Wakulima wenye madeni wa Massachusetts walipochukua silaha mwaka 1786, jeshi la jimbo lililowazima lilitegemea fedha za wafanyabiashara.

Kikao kinachostahili ada yote ni kile cha mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, ulioandika Katiba mpya. Mwalimu hugawa darasa: upande mmoja hutetea mpango wa Virginia, uliotaka uwakilishi kwa kufuata ukubwa wa kila jimbo, na wa pili hutetea mpango wa New Jersey, uliotaka kila jimbo liwe na kura sawa. Sisi wa visiwani, tulio upande mdogo wa Muungano tangu mwaka 1964, hatukuhitaji kufafanuliwa hofu ya Delaware, jimbo dogo, na wenzetu waliotoka Pemba waliisemea kana kwamba wao ndio wajumbe wake. Ndipo tukaelewa uzito wa suluhu ya Julai 16, iliyoyapa majimbo usawa katika Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi mpya, na kuacha idadi ya watu iamue viti vya baraza la pili, Baraza la Wawakilishi.

Idadi hiyo, hata hivyo, iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano, yaani watumwa watano kama watu watatu, nao hawakuwa na kura. Tena Kongresi ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Mwalimu hakulifunika jambo hili, na nampongeza kwa dhati, kwani katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 lingekuwa kosa kubwa kulipita kimya.

Kasoro iko mwishoni. Safari ya kuridhiwa kwa Katiba ilibanwa katika sehemu ya jioni moja, ilhali hapo ndipo wananchi wenyewe walipoingia katika hoja. New Hampshire, jimbo la tisa, ilikamilisha idadi iliyotakiwa Juni 1788, lakini bila Virginia na New York serikali mpya ingesimama kwa shida, na George Mason wa Virginia alikuwa amekataa kutia saini, akilalamika kuwa Katiba haikuwa na tamko la haki. Marekebisho kumi ya Katiba ya mwaka 1791, yanayolinda haki za raia, yalitokana na madai ya namna hiyo, na kwetu yalitajwa kwa dakika chache tu. Nakala za kusomea nazo zilikuwa hafifu, zikisomeka kwa tabu.

Pamoja na hayo, ninawashauri walimu wa uraia wa Unguja na Pemba wajiandikishe, na ninaomba kituo kiongeze jioni nzima kwa ajili ya mjadala wa Virginia wa kuridhia Katiba.